Digidigi Ndani ya Ngozi ya Mwanambuzi

Nilifika Garissa katikati ya miaka ya tisini kufundisha biolojia, na katika miezi yangu ya kwanza kila mnyama mdogo niliyemfuga alinifia, isipokuwa mmoja aliyenitoroka. Sijivunii. Nasema mapema ili ijulikane ni mtu wa namna gani aliyeinama chini ya ule mti wa mswaki akaokota kisichokuwa chake.

Wa kwanza walikuwa fuko. Vibarua waliokuwa wakichimba shimo la choo cha shule walivunja njia zao za chini ya ardhi, nikaitwa nije nione. Hawakuwa na manyoya, ngozi zao zilikuwa zimekunjamana mithili ya vidole vilivyokaa majini siku nzima, na meno yamepita nje ya midomo. Mimi hudadisi kwanza, kufikiri huja baadaye. Nikaokota kumi na mmoja, nikawatia kwenye sanduku la kioo la maabara pamoja na mchanga, nikawawekea karoti na kisahani cha maji. Maji hawakuyagusa. Walijirundika pembeni, mmoja juu ya mwingine, wakisukuma kwenda chini ambako hakukuwa na chini, na baada ya majuma mawili hakubaki hata mmoja. Baadaye nilisoma kwamba wanaishi kama nyuki: mama mmoja ndiye anayezaa, wengine wote kazi yao kuchimba na kulisha. Nilikuwa nimewabeba wafanyakazi nikamwacha mama shimoni, kisha nikashangaa kwa nini nyumba imekufa.

Kalunguyeye niliyemlisha wali wa shule alinenepa hadi akashindwa kujikunja, naye akafa. Kidiri, yule kindi wa chini anayekimbia mkia juu, alitafuna wavu, akala nusu ya boksi la chaki, akaenda zake. Walimu wenzangu walisema huyo ndiye mwanafunzi pekee aliyefaulu somo langu.

Wakati huo nilikuwa nimeshaandika barua ya kuomba uhamisho nirudi kwetu Taita. Joto lilinichosha, safari za basi nyuma ya msafara wa askari zilinitisha, na mimi si mtu wa kuvumilia kimya, nanung'unika. Lakini kabla sijapanda basi la kuondoka nilitaka jambo moja: kiumbe kimoja, kimoja tu, kipone mikononi mwangu. Haikuwa huruma tupu. Nusu yake ilikuwa kiburi.

Jumamosi moja ya Julai niliwatoa wasichana wa kidato cha pili kwenda kukusanya mimea nje ya Galbet, pale nyumba zinapokwisha na vichaka kuanza. Kila mti tuliochukua majani yake tuliufunga kitambaa cheupe chenye jina. Tulikuwa kwenye mswaki, mti ambao kila mmoja wao alikuwa ameutafuna asubuhi ile, niliposikia mluzi. Ulikuwa mluzi mwembamba, wa kukatika, kama wa mtu anayepuliza kwa pua.

Msichana wa watu kupiga mluzi mbele ya mwalimu! Nikageuka. Aliyekuwa karibu na sauti ile alikuwa mwanafunzi mmoja mkimya kutoka Takaba, binti wa wafugaji, ambaye darasani hakuinua mkono hata siku moja.

"Nani anapiga mluzi?"

"Si mimi, Mwalimu."

"Basi ni kichaka."

Wenzake wakacheka. Nikageukia mti wangu, na sikumaliza hata kufunga fundo, mluzi ukalia tena, mara mbili. Sikugeuka. Nilimwambia tu kwamba kwa ujeuri wake atabeba magunia yote ya majani mpaka shuleni, peke yake. Hakubisha. Alianza kuyakusanya.

Ni wakati huo nilipomwona. Chini ya mswaki, mahali ambapo matawi yanagusa mchanga, alilala mtoto wa digidigi, mdogo kiasi cha kuenea kwenye viganja viwili, miguu myembamba kuliko penseli, macho meusi makubwa, na pua ile ndefu inayochezacheza ambayo digidigi anayo na swala wengine hawana. Hakukimbia. Hata kope hakupepesa. Nilitazama huku na huku: hakuna mama, hakuna nyayo ninazoweza kuzisoma, hakuna chochote.

"Mama yake ameliwa na mbweha," alisema mmoja, na wengine wakakubali, maana hadithi ya mbweha ni tamu kuliko kutokujua.

Yule wa Takaba, gunia begani, akasema, "Mwache, Mwalimu. Amelala tu."

Lakini nilikuwa nimekwisha kumfanya mwongo dakika mbili zilizopita, na mwongo haulizwi swali la pili. Nikavua leso yangu, nikamfunga yule mtoto, nikamkumbatia. Moyo wake ulidunda kwa kasi nisiyoweza kuihesabu. Asiyekuwepo na lake halipo, nami niliamua kwamba mama yake hayupo.

Nilipanga chumba kwa mjane mmoja wa Kisomali mwenye umri wa kama miaka sitini, mbuzi sita uani na neno kwa kila jambo. Mtaa mzima ulimwita Habo, yaani mama mdogo kwa Kisomali, nami nikafuata. Yeye aliniita Abayo, dada, akipendezwa nami, na Mwalimu nikimuudhi.

"Subhanallah," alisema nilipofungua leso. "Hii sagaro umetoa wabi?" Sagaro ndilo jina la digidigi kwa lugha yake, na mara nyingi p kinywani mwake ilikuwa b, v ikawa f, na z ikawa s.

"Kichakani. Mama yake amekufa."

"Wewe umeona maiti?"

"Sikuona. Lakini alikuwa peke yake."

Habo akafikiri. Alikuwa amezaliwa kwenye mifugo na akakulia kwenye mifugo, na alichokijua alikijua kwa mbuzi. Watoto wa mbuzi hubaki kizimbani mama zao wanapokwenda malishoni, jioni wanakutanishwa, kila mmoja na wake. Mtoto wa mbuzi anayekutwa kichakani bila mama ni mtoto aliyepotea au yatima, hakuna la tatu.

"Mtoto nakaa beke yake borini, basi mama hakuna," akakata shauri. "Mbuzi hawesi wacha mtoto hifyo."

Kwa hiyo tulikubaliana, mwalimu wa biolojia na mfugaji wa mbuzi, na tulikuwa wajinga sawasawa. Hilo sikulijua kwa miezi minne.

Kulikuwa na mbuzi wa kahawia aliyekuwa amezaa siku tatu kabla, na mwana akafa siku ile ile. Habo alikuwa amemchuna yule mwana, akaipaka ngozi chumvi, akaianika juu ya uzio. Kila alipotaka maziwa ya chai aliichukua ngozi ile akamnusisha mama, na mama akanusa, akalia kwa sauti ya chini, akashusha maziwa. Mara ya kwanza kuliona jambo hilo nilihisi vibaya. Mara ya pili nilikunywa chai.

"Mbuzi hana macho ya kusoma, Abayo," alinieleza. "Iko na bua tu."

Akamchukua mtoto wa digidigi, akamvisha ngozi ya mwanambuzi, akaifunga kwa uzi wa katani shingoni na tumboni. Ngozi ilimzidi pande zote. Mbele ilionekana pua tu, na nyuma iliburuta mchanga kama koti la baba kwa mtoto wa nasari. Tukamsimamisha juu ya karai lililopinduliwa ili afikie kiwele, maana mbuzi kwake ni ghorofa. Mbuzi wa kahawia akainamisha kichwa, akanusa mgongo wa ngozi ile kwa muda mrefu. Kisha akalia. Ile sauti yake ya chini, ya mama kwa mtoto.

Digidigi alinyonya. Nilicheka peke yangu uani kama mwehu, na usiku ule nililala nikiwa na hakika kwamba bahati yangu na wanyama imegeuka.

Siku ya pili tumbo lake lilikuwa gumu kama ngoma. Nilitazama mchanga wa kisanduku chake: mkavu, msafi, hauna hata alama. Ananyonya lakini hatoi. Habo alisema ni joto. Nikasema ni maziwa ya mbuzi, mazito kwake. Tukamchanganyia maji kidogo kwenye chupa, akakataa. Siku ya tatu asubuhi alishika chuchu akaiachia, akaketi, na kichwa chake kikaanza kushuka polepole. Dalili zile nilizifahamu. Nilikwisha kuzifukia mara kumi na mbili nyuma ya maabara.

Nilifundisha vipindi vyangu siku ile nikiwa nimekasirikia kila mtu. Niliporudi nilipindua ndoo kando ya ukuta, nikaketi, nikaangalia. Ni kitu kimoja ninachokiweza. Sijui kuponya, sijui kubembeleza, lakini kuangalia naweza mpaka mtu aniulize kama niko mzima.

Habo alimweka digidigi chini ya mbuzi. Mbuzi akaanza kumlamba. Alilamba shingo, akalamba mgongo, akafika nyuma na pale akatia bidii, akilamba na kulamba chini ya mkia, tena na tena, akisukuma kwa pua. Alikuwa akifanya kama afanyavyo kila mama wa mbuzi. Nikajiuliza kwa nini pale hasa, na kwa nini kwa muda wote ule. Nikasogea karibu. Ulimi ulikuwa ukipita juu ya ngozi iliyokaushwa. Mkia aliokuwa akiulamba ulikuwa wa mwanawe aliyekufa. Digidigi mwenyewe, chini ya lile koti, hakuwa ameguswa na ulimi wowote tangu nimtoe kichakani.

Basi hapo ndipo vitu vikakaa mahali pake. Mtoto mchanga wa namna ile hajui kukojoa mwenyewe. Analambwa ndipo anatoa. Mama ndiye anayefungua. Sisi tulimletea mama, kisha tukamziba asifikiwe na mama.

Nikakimbilia mkasi.

"Wewe nataka fanya nini?" Habo alinishika mkono. "Ukikata ngosi, mbuzi nakataa. Ikikataa, nani nanyonyesha? Wewe?"

"Asipokojoa leo, Habo, hatakuwepo wa kunyonyeshwa."

"Mwalimu, hii ni kasi yangu tangu mtoto!"

"Na huyu si mbuzi!"

Tulisimama pale, mkasi katikati yetu, tukitazamana kwa hasira. Sijui nani angeshinda, nadhani yeye. Lakini digidigi alilegea miguu akaanguka ubavu juu ya karai, na sote tukaacha kelele. Habo akamgusa tumbo. Kisha akaingia ndani akatoka na ngumi iliyojaa chumvi.

"Kata nyuma tu," alisema. "Mbele wacha. Mimi natia chumfi huku."

Nikakata ngozi nusu, ikabaki mabegani. Habo akalowesha chumvi kwa mate, akaipaka makalioni mwa digidigi na chini ya kimkia chake. Mbuzi akanusa mbele, akatulia. Akanusa nyuma, akapiga mguu chini, akarudi hatua moja. Nilifumba macho. Habo alimshika pembe na kuanza kumwimbia ule wimbo wa chini kwa chini wanaowaimbia mbuzi wakati wa kukutanisha wana na mama zao. Maneno yake sikuyaelewa wala sijawahi kuyauliza. Mbuzi akarudi. Ulimi ukatoka, ukagusa chumvi. Ukagusa tena. Wakati wa kiangazi mbuzi hakatai chumvi hata kwa mkono wa adui.

Digidigi akakakamaa. Akainua mkia. Halafu tukasikia mkojo ukigonga bati la karai, mrefu, usiokwisha, na Habo akainua mikono yote miwili akasema, "Alhamdulillahi!" kwa sauti iliyomtoa jirani nje kuuliza ni nani aliyejifungua.

Kuanzia hapo alikua. Niliacha kumvisha ngozi baada ya juma moja, maana mbuzi alishamzoea, na asubuhi na jioni mimi mwenyewe nilimpangusa kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu ili mambo yasikwame. Habo aliniona nikifanya hivyo kabla ya kwenda kazini, nimevaa nguo za kazi na kitambaa mkononi, akasema wazazi wangu walitoa bure karo ya chuo.

Sasa nikaanza kujifunza, na kila jambo nililodhani nalijua liligeuka. Nilimwekea maji kila siku. Hakuyanywa hata tone, na bado hakukonda, maana aliyapata kwenye majani. Nyasi nilizomkatia alizikanyaga tu. Alitaka vichipukizi vya miiba, maua ya mgunga yaliyoanguka, majani ya mswaki, na mara moja, kwa sababu asizozieleza, alikula ukurasa wa mtihani wa kidato cha tatu. Choo alienda mahali pamoja tu, na mahali hapo alipachagua yeye, sentimita chache kutoka pale Habo alipotandika mkeka wake wa kuswalia. Tulimhamisha. Akarudi. Tukamwaga mchanga mpya, tukaweka mawe, tukaweka tawi la miiba. Akaruka tawi, akajisaidia, akatazama upande mwingine. Mwishowe aliyehama ni Habo na mkeka wake, akilalamika kwamba amefukuzwa kwake na mnyama asiyefika goti.

Nilipomwona na utomvu mweusi pembeni mwa macho nikadhani anaugua, nikampaka dawa ya macho ya tyubu kwa siku nne huku akinipiga mateke. Siku ya tano nilimwona akiukaribia ufagio wa vijiti uliosimamishwa ukutani, akachagua kijiti kimoja, akakiingiza polepole pembeni mwa jicho, akakiacha na tone jeusi kwenye ncha. Akaenda kwenye kijiti kingine. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa akiandika mipaka ya shamba lake. Ua ule ulikuwa wake, ufagio ni wake, na sisi wapangaji.

Kilichokuwa kigumu kuliko vyote ni woga wake. Kumfunga kamba hakukuwezekana, miguu ile ingekatika. Kumfungia ndani hakukuwezekana pia, alijigonga ukutani. Mara moja watoto wa jirani walimkimbiza kwa mchezo, si kwa ubaya, na alipoanguka mdomo wazi, pua ikipanda na kushuka, nilikaa naye kivulini mchana mzima nikidhani moyo wake utapasuka. Tangu siku hiyo nilirudi nyumbani kila mapumziko ya chai kumtazama. Nilikuwa nimemweka hai, lakini uhai wenyewe ulikuwa mwembamba kama miguu yake. Na nilimpenda. Nilimpenda hadi nikaanza kusahau kwamba nilikuwa nimeomba kuondoka.

Barua ya uhamisho ilifika Novemba. Niripoti Taita mwanzo wa muhula mpya.

Nilimwendea Habo. Aliisikiliza habari, akanitilia chai.

"Na mtoto yako?"

"Nilidhani utabaki naye."

"Mimi mgongo nauma, Abayo. Saa kumi ya mchana mbwa nabita hapa. Fijana ya mtaa natasama yeye, nalamba midomo. Wewe ukienda, yeye atakaa siku ngabi?"

Alisema kweli, na kumpeleka Taita, kwenye ukungu na baridi ya milimani, kungekuwa kumuua kwa njia ndefu zaidi. Nikasema basi nitamrudisha kichakani. Ana miezi minne, ana vipembe vinavyochomoza, anajilisha. Nilijiambia kwamba huo ndio mwisho mzuri: yatima aliyeokolewa anarudi kwao.

Siku mbili baadaye nilikuwa nikifua nguo uani, nyumba tupu, Habo amekwenda sokoni. Nikasikia mluzi nyuma yangu. Mwembamba, wa kukatika, kama wa mtu anayepuliza kwa pua.

"Nani anapiga mluzi?" nilisema, nikageuka na mikono ina povu.

Hapakuwa na mtu. Nje ya lango alisimama mbwa. Ndani, katikati ya ua, alisimama digidigi wangu, shingo imenyooka, pua imevimba. Akapuliza tena mbele ya macho yangu. Mara mbili.

Nikaketi kwenye mchanga uliolowa. Ule mluzi wa Julai uliokuwa ukilia nyuma yangu, nilipokuwa nimeshika kitambaa na kalamu, haukuwa wa msichana. Alikuwa mama. Alikuwa hai, hatua ishirini kutoka kwangu, akimwambia mwanawe alale asisogee, na mwana akatii, akatii hata nilipomnyanyua. Nikakumbuka jinsi alivyokuwa ametulia. Nilikuwa nimeuita uyatima.

Jumatatu nilimwita yule mwanafunzi wa Takaba. Nilimuuliza kama digidigi humwacha mtoto peke yake. Alinitazama kwa mshangao, kama niliyemuuliza iwapo maji yanalowesha.

"Sagaro anaficha mtoto, Mwalimu. Anaenda kula, anarudi kunyonyesha, anaenda tena. Mchana wote. Sisi kwetu tukimwona tunapita mbali."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilisema mwache."

"Kwa nini hukuniambia yote?"

Akaangalia viatu vyake. "Ulikuwa umekasirika."

Nilitaka kusema neno. Lilikuwa fupi, lilikuwa mdomoni, na mimi ni mwalimu, na walimu wa siku zile hatukulisema neno lile kwa mwanafunzi. Nilimwambia arudi darasani. Kisha nikamwita tena kutoka mlangoni na kumwomba, Jumamosi, anisaidie kuutafuta ule mswaki.

Hakuhitaji kutafuta. Alitembea moja kwa moja, nami nyuma yake nimembeba digidigi kwenye leso ile ile, sasa mzito kama paka mzima, akitafuna pindo. Mvua za kwanza zilikuwa zimepita na vichaka vilikuwa vimefunguka majani. Kitambaa chetu cheupe kilikuwa bado kimefungwa mtini, wino umefutika. Na pembeni mwa mswaki, kwenye ncha ya kijiti kimoja kikavu, niliona tone jeusi linalong'aa. Bichi.

Nilimweka chini. Tukarudi nyuma hatua kumi, tukachuchumaa.

Alinusa mchanga. Alinusa kitambaa. Alipofika kwenye kile kijiti alisimama kabisa, pua ikicheza, na nadhani kwa mara ya kwanza maishani alisoma habari iliyoandikwa na wenzake. Masikio yakasimama.

Mluzi ukalia kulia kwetu, vichakani.

Niligeuka, sikuweza kujizuia, shingo iligeuka yenyewe. Yule msichana alikuwa akinitazama.

"Si mimi, Mwalimu," alisema.

Hakusema kwa kejeli. Lakini pembe ya mdomo wake ilicheza kidogo, na mimi nikahisi uso unawaka, na lile neno lililokwama Jumatatu likatoka lenyewe. "Samahani," nilimwambia. "Siku ile pia hukuwa wewe. Nisamehe." Aliinamisha kichwa, akachora mistari mchangani kwa kidole, akasema si kitu. Kilikuwa kitu. Magunia yale yalikuwa sita.

Kisha mama akatoka. Alisimama kati ya vichaka viwili, mnene, tumbo limejaa mimba nyingine, akanyoosha shingo. Nyuma yake akatokea dume, nywele za utosini zimesimama wima, akasugua jicho lake kwenye kijiti, akapiga kwato. Walikuwa pale pale. Hawakuwa wamehama hata kidogo.

Digidigi wangu aliwatazama. Alipiga hatua mbili kuelekea kwao, na mama naye akapiga moja, pua zao ndefu zikitafutana hewani. Nilisema moyoni, nenda. Nenda, baba, hao ndio wenyewe. Sijui mama alinusa nini. Sabuni yangu, labda, au mbuzi, au chumvi ya Habo. Alipuliza mluzi wa hatari, ule ule, mara mbili, na digidigi wangu akausikia, akauelewa, akafanya kama mluzi unavyoamuru: akakimbilia kwa mama yake.

Alikuja kwangu. Alipita katikati ya miguu yangu, akaingia chini ya sketi, akainua kichwa kutafuta kiwele, kama alivyozoea chini ya mbuzi akiogopa. Nilimhisi akitetemeka kwenye vigimbi vya miguu yangu. Nilipoinua macho, kule vichakani hapakuwa na mama wala dume.

Tulikaa pale mpaka jua likawa kali. Tulimweka tena chini mara mbili, tukaondoka kwa kunyata, na mara mbili alitufuata. Njia ya kurudi yule msichana ndiye aliyembeba.

Habo alitukuta langoni. Alitazama leso, akatazama uso wangu. Akaondoa mkeka wake pale alipokuwa ameurudisha asubuhi ile, akautandika upande wa pili.

Jumatatu nilikwenda kwa mwalimu mkuu na barua ya uhamisho, nikamwomba aandike kwamba siendi. Alivua miwani. Aliuliza sababu, maana alikuwa amenisikia nikinung'unika mwaka mzima.

Nikamjibu kwamba nina mtoto wa watu nyumbani. Nilimchukua nikidhani ni yatima, na sasa hana pengine pa kwenda.